Safu ya Mbatizaji

Daftari la ubatizo halifunguliwi kwa pupa. Unalilaza mezani, unaliachanisha kwanza katikati ili mgongo usipasuke, kisha unarudi nyuma kurasa chache chache kwa ncha za vidole. Kalamu ya wino haisogei karibu na meza hiyo. Ni penseli tu. Katibu wa parokia alinifundisha hayo siku ya kwanza, kabla hata hajaniuliza natafuta nini. "Binti yangu, hawa walioandikwa humu wote wana wenyewe," akasema, akanivutia kiti karibu na dirisha.

Nilikuwa namtafuta nyanya yangu, mama yake baba. Nilitoka nyumbani Huruma na vitu viwili tu mkononi: jina lake la ubatizo, na jina la utani la mzungu aliyemiliki shamba walikokaa. Vingine viliteketea. Mwanzoni mwa mwaka 2008, vurugu za baada ya uchaguzi zilipoikumba Eldoret, nyumba yetu iliungua pamoja na sanduku la bati la baba: picha, risiti za ploti, vyeti, barua ya chifu. Mtu anayekimbilia uwanja wa maonyesho na watoto mgongoni huwaza mabati, blanketi na unga. Karatasi huzikumbuka baadaye, siku mtoto anapodaiwa cheti, au mzee anapofariki na waliokaa kitini wanatazamana kwa sababu hakuna ajuaye alizaliwa wapi.

Huruma iko upande wa barabara iendayo Turbo na Malaba, na ni mtaa wa watu waliotoka kwingine. Ploti moja ina vyumba kumi na lugha nne. Uliza babu wa mtu alizaliwa wapi, na jibu litakupeleka Bungoma, Nyeri, Nandi au Siaya. Anayeishi kwenye shamba la babu zake huonyeshwa makaburi nyuma ya nyumba akiwa angali mtoto. Sisi hatukuonyeshwa. Kilichobaki kwetu ni maandishi, tena yaliyoandikwa na watu ambao hawakuwa wakituwazia sisi hata kidogo. Ndiyo maana nauheshimu ufundi huu wa kufuata ukoo kwenye makaratasi, na ningependa kila nyumba mtaani iwe na mtu mmoja anayeujua.

Mji wenyewe ulianza kama namba. Makaburu walipofika Uasin Gishu mwaka 1908, ardhi iliyokuwa malisho ya watu wengine ilikatwakatwa kwenye ramani ikawa mashamba yenye namba. Posta ilijengwa kwenye shamba namba 64, ambalo udongo wake haukufaa kwa kilimo. Jina la Eldoret lilitolewa mwaka 1912, lakini wazee waliendelea kuutaja kwa namba ile, Sisibo, na hadi leo ukisema 64 kila mtu anajua unakwenda wapi.

Kisha watu nao wakapewa namba. Sheria ya kipande ilitungwa mwaka 1915 na kutiwa nguvu baada ya Vita Vikuu vya Kwanza: kila mwanamume Mwafrika aliyefikisha miaka 16 alipaswa kubeba karatasi yenye jina lake, kabila lake na alama za vidole, na ndani yake mwajiri akaandika siku aliyomwajiri, siku aliyomwachilia na mshahara aliomlipa. Karatasi ilikaa ndani ya kijikebe cha chuma kilichoning'inizwa shingoni kwa kamba. Wakikuyu walikifananisha na kengele ya mbuzi. Kipande kilifutwa mwaka 1947, ila neno halikufutika. Hata sasa mzee akipoteza kitambulisho chake anakwambia amepoteza kipande.

Kilitengenezwa ili mtu asitoroke kazi. Lakini mjukuu akipata bahati ya kukishika, anaona safari nzima ya babu yake: miezi minane kwenye shamba hili, likizo ndefu isiyoelezwa, kisha shamba jingine ng'ambo ya mto. Nafasi kati ya tarehe mbili ndiyo unayopaswa kuikalia. Huenda alirudi kwao kuoa. Huenda alizika mtu. Fundi haamui haraka, anaandika alama ya kuuliza kwa penseli na kusonga mbele.

Nyanya hakuwa na kipande. Wanawake hawakuvaa kijikebe kile, na hata baada ya uhuru waliendelea kuachwa nje ya kitambulisho hadi sheria ilipobadilishwa mwaka 1978. Uandikishaji wa lazima wa vizazi na vifo nao ulienea nchi nzima mwaka 1971. Mwanamke aliyezaliwa kabla ya hapo, akazaa, akapalilia mahindi ya wengine na kuzeeka, angeweza kumaliza sehemu kubwa ya maisha yake bila serikali kuandika jina lake mahali popote. Nakiri kwamba jambo hili hunikasirisha kila ninapolifikia, na limenifanya nitafute kwa bidii zaidi.

Basi unaanza na majina. Majina yetu ni kalenda. Wanjala alizaliwa wakati wa njaa, Wekesa wakati wa mavuno, Wafula mvua ikinyesha. Kiprop na Jerop ni wa mvua vilevile, Kipkoech ni wa alfajiri, na Kipruto mama yake alikuwa safarini. Kwa Wakikuyu mvulana wa kwanza huchukua jina la babu mzaa baba na wa pili la babu mzaa mama, kwa hiyo ukiwajua watoto kwa mpangilio wa kuzaliwa, umekwisha kuwajua babu zao. Mzee wa Kinandi akikutajia rika lake, Kaplelach au Kimnyige, umepata kipindi cha miaka kadhaa badala ya karne nzima. Tarehe za kwenye vitambulisho vya wazee ziamini kidogo. Wengi waliandikiwa tarehe mosi Januari, na waliingia shule siku waliyoweza kupitisha mkono juu ya kichwa na kushika sikio la upande wa pili.

Ziko pia karatasi ambazo watu huzitupa bila kujua thamani yake. Kijitabu cha mazishi, kile kinachogawiwa chini ya hema, hutaja wazazi wa marehemu, ndugu zake, watoto, wakwe, wajukuu, na mara nyingi kijiji cha asili. Mimi nakusanya vijitabu hivyo, navihifadhi kwenye faili kwa majina ya koo. Barua ya chifu inayopelekwa kortini kwenye kesi ya urithi huorodhesha warithi wote, na tangazo la kesi hiyo hutoka katika Gazeti Rasmi la Kenya. Weka kijitabu na barua ya chifu kando kwa kando. Mara nyingine barua ina mtoto ambaye kijitabu hakimtaji, au kijitabu kina mjane mmoja na barua ina wawili. Hapo usishangilie wala usikimbilie simu. Wanaoguswa na karatasi hizo wako hai, na wengine wanaumia bado.

Nirudi dirishani. Siku mbili nilipitisha kidole kwenye safu ya watoto waliobatizwa, nikitafuta wa ukoo wetu. Niliwapata shangazi wawili, baba nikamkosa. Mwandiko ulikuwa wa mapadre wa Kiltegan kutoka Ireland, waliokabidhiwa eneo la Eldoret mwaka 1953, mdogo na ulioinama, Kilatini kikichanganyika na majina yetu yaliyoandikwa kama sikio geni lilivyoyasikia. Jina la ukoo wetu lilikuwa na tahajia tatu tofauti katika kurasa tatu. Siku ya tatu katibu akapita nyuma yangu, akasimama. "Unatafuta watoto tu. Tazama na wasimamizi."

Nikaanza upya kutoka ukurasa wa kwanza, safari hii kidole kikiteremka kwenye safu ya wasimamizi. Kabla ya saa sita nilikuwa nimempata nyanya mara tano. Jina lake lile lile, shamba lile lile, lakini watoto hawakuwa wa kwetu. Walikuwa wa Kinandi, wa Kikuyu, mmoja Mjaluo. Sikuelewa kwa nini majirani wa laini za wafanyakazi wamchague yeye kila mara. Kisha katika mwaka 1956 nikamwona kwenye safu ambayo sikuwa nimefikiria kuitazama, ya mbatizaji, ambako kurasa nzima zilijaa sahihi ya padre. Mbele ya jina lake maneno matatu ya Kilatini: in periculo mortis. Katika hatari ya kufa.

Katibu alinieleza. Mtoto akiwa anakata roho na padre yuko mbali, mtu yeyote anaweza kumbatiza kwa maji na maneno yale, na baadaye parokia inaandika jina la aliyefanya hivyo. Nyanya ameandikwa mara tatu. Ni nani huwa chumbani saa ile, mwenye maji karibu, mtoto anapozaliwa bila nguvu? Nyanya yangu alikuwa mkunga. Baba hakuwahi kulisema, wala shangazi. Kwao alikuwa mama aliyerudi jioni na matope miguuni.

Wawili kati ya watoto wale pembeni mwao hapana kitu. Wa tatu ana maneno ukingoni, kwa wino mwingine: ndoa, mwaka 1981, na jina la parokia. Kanisa hurudisha habari ya ndoa kwenye mstari wa ubatizo, na kwa huo uzi mmoja nilimfuata hadi mlangoni kwake. Anakaa mwendo wa boda wa dakika kumi kutoka Huruma.

Alinikaribisha chai, akaniuliza mimi ni wa nyumba ya nani. Nikamsomea mstari wake kutoka kwenye karatasi yangu ya penseli. Akanyamaza kwa muda. Kisha akasema kwamba mama yake alimsimulia mara nyingi: alizaliwa usiku wa mvua, hakulia, wakaanza kumfunika, na mwanamke wa laini akachota maji kwa kikombe akammwagia kichwani akisali. "Maji yalikuwa baridi," akasema. "Ndipo nikalia."

Kwao waliendelea kumwita Kogo, nyanya, ingawa hakuwa wa kabila lao. Jina lake halisi mama yake hakumwachia. Akaniomba nilirudie. Mara ya tatu akalitamka mwenyewe.