Heko, Mwalimu wa Chekechea

Kabla ya saa mbili asubuhi, katika chekechea ya mtaani Mombasa, mwalimu ameshafagia, ametandika mkeka na kupanga vifuu vya nazi, kauri, mbegu na vizibo vya soda. Mpita njia huona takataka. Yeye huona hesabu, rangi na maneno. Mtoto atazipanga kauri kutoka ndogo hadi kubwa, kisha atasimulia alichofanya, na hapo ndipo akili inapofunguka.

Ufundi huu una mizizi pwani. Mwaka 1986, kwa msaada wa Wakfu wa Aga Khan, Mpango wa Madrasa ulianza Mombasa, Bi Swafiya Said akiwa mwalimu wake mwanzilishi. Wanawake wa jamii za huko walifunzwa kuwa walimu, na elimu ya dini ikakaa bega kwa bega na michezo, hadithi na hesabu. Mpango ukavuka hadi Zanzibar mwaka 1990, kisha Uganda mwaka 1993.

Kazi yenyewe si nyepesi. Mwalimu hufuta machozi, hufunga vifungo, huamua ugomvi, huku akikumbuka nani jana hakusema neno. Malipo yake mara nyingi hutegemea karo ndogo za wazazi, nazo huchelewa. Bado kesho utamkuta mlangoni, amechutama ili macho yake yalingane na ya mtoto anayemwamkia.

Daktari na nahodha wote walianzia mkekani. Mwalimu, heko! Unastahili heshima, na mshahara unaolingana nayo.