Fremu ya Dhahabu, Tairi la Karatasi

Mizani ilisoma kilo 9.48 na karakana nzima ikapiga makofi. Aliyeshika simu akasogea ili namba ionekane vizuri. Baiskeli ilikuwa imeshaharibika dakika kumi kabla ya hapo, na kila mtu aliyekuwepo alikuwa ametazama ikiharibiwa.

Waliofuatilia ujenzi huu wa Nairobi, Jumamosi tatu mfululizo, hawahitaji kusimuliwa mwanzo. Fremu ni Scott Spark RC ya kaboni, ile ambayo shokapu yake imefichwa ndani ya bomba, na ambayo kwa hesabu ya kiwanda ina kilo 1.87 pamoja na shokapu hiyo. Foku ya milimita 120, magurudumu ya kaboni ya inchi 29, gia kumi na mbili nyuma na sahani moja tu mbele. Mteja alitoa sharti moja: chini ya kilo 9.5, pedeli zikiwamo. Hakusema atapanda wapi, na fundi hakumuuliza.

Kazi ya mikono haina doa: bomba la foku lilikatwa sawasawa, kila bolti ikakazwa kwa spana ya kupimia nguvu, na posti ya kiti ikapakwa ile krimu ya chengachenga inayozuia kaboni kuteleza. Alama kumi kwa kumi.

Kero moja ya zamani, kwa kuwa imejitokeza tena. Waya na mipira ya breki kwenye Spark huingilia juu, kwenye beringi za usukani. Ni kitu cha kupendeza kwenye picha. Siku beringi ya juu ikianza kulia kwa vumbi la Kajiado, fundi atalazimika kufungua mpira wa breki, kutoa mafuta na kuanza upya, kazi ambayo kwenye fremu ya zamani ingekwisha kabla chai haijapoa. Safu hii imelilalamikia jambo hilo tangu fremu hiyo ilipotoka mwaka 2021, na itaendelea.

Sasa turudi Jumamosi ya tatu.

Matairi yaliyokuwa yamepangwa tangu mwanzo yalikuwa ya upana wa inchi 2.4, ubavu wa kitambaa kilichoongezwa nguvu, gramu 750 kila moja. Fundi aliyavisha, akamimina mililita 100 za maji ya kuziba pancha kila upande, akajaza upepo, akaitundika baiskeli. Kilo 9.96. Kimya. Mtu mmoja akasema labda mizani imekosea. Fundi akaishusha baiskeli, akaitundika tena, na mizani ikarudia neno lake.

Alikuwa na njia nyingi. Angeweza kumpigia mteja na kumwambia kwamba kilo 9.96 kwa baiskeli yenye shokapu mbele na nyuma ni kazi ya kujivunia. Angeweza kubadilisha kiti. Angeweza hata kuacha mambo yalivyo, kwa sababu ile kanuni ya kilo 6.8 inayowasumbua watu wa barabarani haigusi baiskeli za mlimani, na hakuna mwamuzi popote duniani anayetoa zawadi kwa sababu ya mizani. Badala yake akafungua droo ya chini na kutoa matairi mawili yaliyokunjwa kama leso. Inchi 2.2. Gramu 550. Meno mafupi, na ubavu mwembamba kiasi kwamba alipolinyanyua moja dirishani, mwanga wa saa nane mchana ulipenya kitambaa na kivuli cha vidole vyake kikaonekana upande wa pili.

“Haya ni ya mbio, mzee,” alimwambia mmoja wa watazamaji wenye mvi. “Wazungu wote wanatumia haya.”

Si kweli, na hilo litafikiwa. Kwanza kilichofuata. Maji ya kuziba yalipunguzwa kutoka mililita 100 hadi 60, kwa hoja kwamba tairi dogo linahitaji kidogo. Upepo ukajazwa hadi PSI 20, kama mwanzo. Fundi akaegemea kiti kwa uzito wake na tairi la nyuma likalala ubavuni kama mkate uliolowa. Akaongeza hadi 24, likalala kidogo. Akafika 28, likasimama. Wakati huo kwenye ubavu, karibu na ukingo wa ringi, vilikuwa vimeanza kutokea vitone vyeupe, vidogo kama jasho la puani. Maji ya kuziba yalikuwa yanatoka kwenye kitambaa kizima kabla baiskeli haijakanyaga hata jiwe moja. Fundi alivifuta kwa kitambaa, akaitundika baiskeli, na makofi yakapigwa.

Ubaya wa uamuzi huu haupo kwenye pancha peke yake. Tairi la upana wa 2.4 kwenye PSI 20 ndilo shokapu ya kwanza ya baiskeli: hubonyea juu ya kokoto, hushika mzizi, humeza mitikisiko midogo ambayo foku na shokapu ni nzito mno kuihisi. Tairi jembamba lililojazwa hadi 28 hurukaruka juu ya vitu hivyo hivyo, na kila mruko ni mwendo uliopotea. Mteja amelipia milimita 120 za mnyumbuko mbele na nyuma, kisha akawekewa chini yake kitu kigumu kama gogo. Wahenga walisema rahisi huvunja upishi. Nyepesi nayo inavunja vilevile.

Na faida? Hesabu ni ya darasa la saba. Gramu zilizookolewa ni 480. Mpanda wa kilo 75 na baiskeli ya kilo 10 ni kilo 85, kwa hiyo akiba ni kama nusu asilimia. Kwenye mlima wa dakika kumi, ambao ni sekunde 600, hiyo ni sekunde tatu na ushei. Watetezi wa uzito watasema uzito wa ukingoni mwa gurudumu huhesabiwa mara mbili. Ni kweli, ila wakati wa kuongeza kasi tu. Mlimani kwa mwendo wa sare gramu ni gramu, iwe kwenye tairi au kwenye chupa ya maji. Sekunde tatu. Hakuna binadamu anayeweza kubadili tyubu kwa sekunde tatu.

Wazungu wa fundi ni akina nani, basi? Kwenye Kombe la Dunia la baiskeli za mlimani siku hizi upana wa inchi 2.4 ni jambo la kawaida, na wanaoupanda ni watu wanaohesabu kila gramu. Wamefika huko kwa kuumia. Olimpiki ya London, Agosti 2012, Julien Absalon alikuja na dhahabu mbili mfukoni, ya Athens 2004 na ya Beijing 2008. Akapata pancha mzunguko wa kwanza kabisa na mbio zake zikaisha. Rio 2016, Peter Sagan, bingwa wa dunia wa barabarani, alianzia nyuma kabisa ya msururu na ndani ya mzunguko mmoja akawa miongoni mwa watatu wa mbele. Pancha. Akamaliza wa 35. Paris 2024, Puck Pieterse alikuwa wa pili, fedha inamsubiri. Pancha ikamshusha hadi nafasi ya nne. Kesho yake Tom Pidcock akapata pancha ya mbele na kupoteza karibu sekunde 40, huku mafundi wakikutwa hawako tayari na gurudumu jipya. Alirudi na kushinda kwa sekunde 9, ila mtu huyo ni Pidcock. Mteja wa Nairobi ana duka la vifaa vya ujenzi.

London ile ile ina funzo lingine ambalo wapenda mizani hulisahau. Aliyeshinda, Jaroslav Kulhavý, alipanda Specialized Epic yenye shokapu nyuma, na alimshinda Nino Schurter, aliyekuwa kwenye Scott isiyo na shokapu ya nyuma, kwa sekunde moja. Baiskeli yenye shokapu ndiyo nzito kati ya hizo mbili kwa maumbile yake. Wa tatu, Marco Fontana, alivuka mstari akiwa hana kiti, kwa kuwa kilikatika mzunguko wa mwisho. Na Adrien Niyonshuti wa Rwanda, ambaye hakuna aliyemwekea dau hata la senti, alimaliza wa 39, mbele ya bingwa mara mbili aliyekuwa ameshaondoka uwanjani.

Niyonshuti hakutokea hewani. Nyuma ya timu ya Rwanda alikuwepo Tom Ritchey, na hapa safu hii haiwezi kujizuia. Ritchey ndiye aliyechomelea fremu ambazo Gary Fisher na Charlie Kelly walianza kuziuza California mwaka 1979, wakati ambapo baiskeli ya mlimani ilikuwa bado ni kichekesho. Miaka miwili kabla yake Joe Breeze alikuwa amejenga ya kwanza yenye fremu iliyokusudiwa kazi hiyo, na ilikuwa na uzito wa karibu kilo 17. Ritchey alitumia maisha yake kupunguza uzito huo, gramu baada ya gramu, kwenye chuma, kwenye usukani, hata kwenye matairi aliyoyabuni mwenyewe. Lakini alikuwa akipanda anachokijenga. Kipande kikikatika, aliyerudi nyumbani kwa miguu ni yeye. Thomas Frischknecht alichukua fedha ya Olimpiki Atlanta 1996 juu ya baiskeli ya Ritchey, kisha akaja kuwa bosi wa timu iliyomlea Schurter, na ukitazama baiskeli za Schurter miaka yote hiyo unaona mkono ule ule: nyepesi pale panapovumilia wepesi, nzito pale ardhi inapogusa.

Fundi wetu ni hodari kuliko wengi. Hapandi.

Jumapili mteja aliipeleka baiskeli upande wa Ngong, kwenye mteremko wa mawe ya volkano ambayo kingo zake hukata kama chupa iliyovunjika. Njiani kuelekea huko mbigili tatu zilikuwa zimeshaingia tairi la mbele, na kwa haki ya mambo maji ya kuziba yaliziba zote tatu. Ya nne ilimaliza akiba ya mililita 60. Halafu jiwe likapita ubavuni mwa tairi la nyuma na kulichana upana wa kucha. Kizibo cha mpira hakishiki ubavuni, kwa sababu hakuna nyama ya kukishikilia. Kila akikisukuma ndani kilitoka na povu jeupe. Tyubu hakubeba. Ingeongeza uzito. Alirudi akiisukuma hadi lami, akasimamisha bodaboda, na fremu ya kaboni ya daraja la juu ikasafiri kuelekea mjini ikiwa imelazwa mapajani mwa mwenyewe, gurudumu la nyuma likining'inia.

Siku ya Jumanne matairi ya inchi 2.4 yalirudishwa. Mililita 100 kila upande, PSI 20, hakuna kitone kilichotoka ubavuni. Baiskeli ikatundikwa, mizani ikasoma kilo 9.96. Fundi aliitazama namba hiyo kwa muda mrefu, mikono kiunoni. Kisha akachukua simu na kuanza kutafuta bei ya bolti za titani.