Nani anagonga saa nane ya usiku?

Kifungu cha 29 cha Katiba yetu ya 2006 kinasema makao ya mtu hayaingiliwi, upekuzi ufuate masharti ya sheria. Vizuri. Lakini hiyo sheria ni gani? Ni dekreti ya tarehe 6 Agosti 1959, ya Wabeleji, mbele ya uhuru! Ndiyo inakataza upekuzi kuanza mbele ya saa kumi na moja ya asubuhi ao nyuma ya saa tatu ya usiku, bila ruhusa ya jaji.

Mwezi wa tano 2021 ikakuja ordonansi ya état de siège: mu Kivu Kaskazini na Ituri, wakubwa wa jeshi wapekue nyumba muchana na usiku. Mstari mmoja tu, masaa ikaanguka. Na kifungu cha 61, chenye kutaja haki zisizoguswa hata mu état de siège, hakikuweka nyumba mu hesabu.

Sasa mama mwenye kugongewa usiku atajua namna gani kama ni askari ao mwizi mwenye kuvaa tenue?

Mutaniambia: ni vita. Naelewa, muasi hangojee asubuhi. Lakini vita haikatazi askari kuandika jina yake. Wabunge waweke vitu ambavyo hata usiku haviondoke: karatasi yenye jina la mkubwa aliyetuma, jirani ao shefu wa avenue kama shahidi, na liste ya vyote vilivyobebwa, kopi ibaki mu nyumba. Simu na feza ndizo zinapoteaga kwanza. Bila liste, mtu ataenda kuzidai kwa nani?