Uzito wa Mwenyewe

Karibu kila kitu katika pikipiki hutoka kiwandani kikiwa kimeshaamuliwa. Upana wa silinda, idadi ya meno ya gia, kipenyo cha diski ya breki: mambo hayo hayamjui mpandaji, wala hayana haja ya kumjua. Shokapu peke yake ndiyo hutoka nusunusu. Mhandisi anaujua uzito wa chombo chake hadi kilo ya mwisho. Asichokijua ni nani atakayekikalia, atampakia nani nyuma, na atakipitisha wapi. Basi hukadiria. Huwaza mtu wa wastani katika barabara ya wastani, akapanga springi zimfae huyo mtu ambaye hayupo popote. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na ndivyo uzito wangu ulivyo kwa aliyeko kiwandani.

Ndiyo maana namtetea mtu anayefungua pikipiki yake mwenyewe uani. Majirani hudhani anakwepa kumlipa fundi. Kwa oili na plagi huenda ni kweli, na hakuna aibu. Lakini shokapu haipangiki vizuri mwenyewe akiwa hayupo. Waweza kuiacha pikipiki gereji asubuhi, jioni ukaikuta imemwagwa oili, imesafishwa chujio na kurekebishwa breki; uzito wako huwezi kuuacha pale pamoja na ufunguo.

Ninayoizungumzia ni Royal Enfield Classic 350, chombo kipya kilichovaa sura ya babu yake: taa ya duara, tenki lenye umbo la chozi, madigadi ya chuma badala ya plastiki, silinda moja iliyosimama wima yenye ujazo wa sentimita za ujazo 349. Ina uzito wa takriban kilo 195. Mbele inashikwa na mabomba mawili yenye kipenyo cha milimita 41, yanayoweza kuzama milimita 130. Nyuma kuna shokapu mbili, moja kila upande, zenye kola ya kuibana springi, yenye ngazi 6. Wapo wanaoicheka kwamba ni kijana aliyevaa koti la mzee. Mimi sura hainishughulishi sana. Ninachokipenda ni kwamba shokapu ziko nje, zinaonekana, zimeshikwa na boliti unazoweza kuzigusa ukiwa umekaa kwenye kigoda. Kwenye pikipiki nyingi za kisasa shokapu ni moja, imefichwa katikati ya fremu nyuma ya viungo na mabapa, na kabla hujaigusa umeshafungua nusu ya chombo.

Na kwa ukoo huu, shokapu za nyuma zina historia yao. Mwishoni mwa miaka ya 1940 pikipiki nyingi bado zilikuwa na mgongo mgumu: mbele springi, nyuma chuma kilichofungwa moja kwa moja kwenye ekseli, na kiuno cha mpandaji ndicho kilichobeba yaliyobaki. Mwaka 1948 Royal Enfield, wakati huo ikitengenezwa Redditch, Uingereza, ilipeleka pikipiki zake mpya za Bullet kwenye mashindano ya siku sita yaliyofanyika San Remo, Italia. Zilikuwa na mkono wa nyuma unaopanda na kushuka, umetulizwa na shokapu mbili. Wapandaji wake walirudi na medali za dhahabu. Mwaka 1955 uundaji wa Bullet ukaanza Madras, mji unaoitwa leo Chennai, na Uingereza ilipoacha kuunda pikipiki za Royal Enfield mwaka 1970, Wahindi wakaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea. Shokapu mbili za nyuma tunazozichukulia leo kuwa pambo la kizamani ziliwahi kuwa uasi.

Kabla ya kuigusa springi yoyote kuna kazi za kufanya, na hapa ndipo wengi hukosa subira. Tairi kwanza. Tairi ni springi pia, na upepo ukipungua utazilaumu shokapu kwa kosa la pampu. Kisha beringi za usukani: inua gurudumu la mbele, zungusha usukani taratibu kwa kidole, sikiliza kama pale katikati unanasa. Ukinasa, pikipiki itayumba kwenye mwendo na hakuna springi itakayoiponya. Kisha shika gurudumu la nyuma, lisukume kushoto na kulia. Likicheza, tazama bushi za mkono wa nyuma na beringi za gurudumu lenyewe.

Halafu mnyororo. Huu unastahili aya yake, kwa sababu ndio mkorofi asiyeshukiwa. Ekseli ya nyuma haipandi kwa mstari ulionyooka. Huzunguka kwenye mhimili wa mkono wa nyuma, na mhimili huo hauko mahali pamoja na sproketi ndogo ya mbele. Kwa hiyo umbali kati ya sproketi mbili hubadilika kadiri gurudumu linavyopanda. Huwa mrefu kuliko wakati wowote pale sproketi ya mbele, mhimili na ekseli vinapokaa kwenye mstari mmoja. Mnyororo uliokazwa vizuri pikipiki ikiwa kwenye stendi waweza kuwa umekakamaa kabisa pale watu wawili wanapoikalia. Hapo gurudumu halipandi tena. Linavuta beringi ya gia boksi. Nimewahi kumsikia fundi mmoja akimwambia kijana aliyekuja kununua shokapu mpya, "Mdogo wangu, shokapu zako nzima. Legeza mnyororo huo, kisha rudi kesho tuzungumze." Aliikosa biashara yake kwa hiari, na ninamheshimu mpaka leo.

Yote hayo yakiwa sawa, ndipo kupima kunapoanza. Unahitaji futi ya chuma, daftari, na watu wawili wenye uvumilivu, ambao kwa kawaida ni mke na mtoto wa jirani. Weka pikipiki kwenye dabo stendi gurudumu la nyuma lining'inie. Pima kutoka katikati ya ekseli hadi alama uliyoiweka juu yake, kwenye madigadi. Hicho ndicho kipimo cha shokapu iliyonyooka kabisa. Iteremshe kwenye stendi, isimame kwa uzito wake tu, pima tena. Kisha kaa wewe, na nguo zako zote za safari, kofia, koti, viatu, hata mkoba ukiwa unaubeba kila siku, miguu juu ya vikanyagio huku mtu akikushikia usukani. Pima mara ya tatu.

Tofauti ya kipimo cha kwanza na cha tatu ndiyo unayoitafuta: kiasi ambacho pikipiki imezama kwa ajili yako. Kawaida inayotumiwa na wengi ni kati ya robo na theluthi ya mwendo wote wa shokapu. Kwa mbele, penye milimita 130, hiyo ni kama milimita 33 hadi 43. Sababu yake haihitaji hesabu kubwa. Gurudumu halipandi tu likikutana na jiwe. Hushuka pia likikutana na shimo. Pikipiki isiyozama hata kidogo haina akiba ya kushukia, na kila shimo huiacha hewani.

Chuma hakisemi kitu kilekile mara mbili, na hili ndilo linalonifurahisha zaidi. Isukume pikipiki chini, iachie ipande polepole, pima. Inyanyue kidogo, iachie ishuke polepole, pima tena. Namba hazitalingana. Tofauti hiyo ni msuguano: sili zinazong'ang'ania, bushi kavu, mabomba ya mbele yaliyofungwa yakiwa yamepindana kidogo. Namba ya kweli ni ya katikati, na ukubwa wa tofauti ni habari yenyewe. Mbele mara nyingi dawa ni rahisi. Legeza boliti zinazobana ekseli, kandamiza usukani mara kadhaa mabomba yajipange yenyewe, ndipo uzikaze. Kuna pikipiki zilizoonekana ngumu miaka mizima kwa ajili ya boliti moja iliyokazwa kabla ya wakati.

Sasa kola. Karibu kila mtu, mafundi wakiwemo, atakuambia kwamba kuipandisha kola hufanya springi iwe ngumu. Haiwi. Springi ya kawaida iliyosukwa kwa nafasi sawa, ikiwa yahitaji kilo 10 kufinyika sentimita moja, itaendelea kuhitaji kilo 10 nyingine kwa kila sentimita inayofuata, kola ikiwa ngazi ya kwanza au ya sita. Kinachobadilika ni mahali pa kuanzia. Pikipiki inanyanyuka, inakaa juu zaidi, na unahisi ugumu kwa sababu mara hii imezama kidogo.

Kutokana na hilo hutokea kioja kinachowachanganya hata wazoefu. Tuseme umepandisha kola mpaka ukapata ile theluthi yako ukiwa umekaa. Vizuri. Sasa shuka, tazama pikipiki peke yake: haijazama hata milimita, imesimama kama haina uzito. Akili ya haraka itasema springi ni ngumu mno, tafuta laini. Ni kinyume chake. Springi ni laini mno kwako, ndiyo maana imebidi uikandamize sana kabla hata hujapanda ili iweze kukubeba. Unahitaji springi ngumu zaidi na kola ya chini. Mara ya kwanza kulielewa jambo hili nililirudia kwenye karatasi kwa mchoro, kwa sababu mdomo ulikubali na kichwa kikakataa.

Mbele hakuna kola. Anayetaka kubadilisha kitu hufungua kifuniko cha juu na kuongeza kipande juu ya springi, na fundi wa nyumbani hukikata kutoka kwenye bomba la PVC la maji, mradi ncha zake zimenyooka na wosha ya chuma imekaa kati yake na springi. Ni kazi ya kufanya kwa adabu, gurudumu la mbele likiwa limenyanyuliwa, maana springi iliyobanwa humrukia mwenye haraka usoni. Ndani kuna oili, na oili hiyo husahaulika kuliko zote kwa kuwa haimwagiki ovyo wala haina kijiti cha kupimia. Ikitoka ya kijivu na harufu ya samaki, imekwisha kitambo.

Katika shokapu za mtindo wa zamani oili hupitishwa kwenye matundu yasiyobadilika, na ukaidi wake hupanda haraka kuliko mwendo: ukiisukuma kwa kasi maradufu, hukataa kama mara nne. Ndiyo maana pikipiki hiyohiyo huinamisha pua ukishika breki polepole, kisha ikakupiga viganja ukilivamia tuta. Ukiweka oili nzito kuponya la kwanza, unalizidisha la pili. Hapa hakuna ushindi, kuna kuchagua. Mimi nimechagua pua iiname, kwa sababu barabara zetu zina matuta na rasta kila penye kijiji, na breki naweza kuzishika mapema.

Kwa wanaokaa Tanga, Dar au Mombasa kuna adui mwingine, hewa ya chumvi. Hula mng'aro wa mabomba ya mbele, ikaacha vidoa vidogo vyenye makali, na kila kidoa kikipita kwenye sili huikata. Kitambaa safi chenye oili kidogo, kila baada ya safari ya mvua au ufukweni, kinatosha kuchelewesha hilo kwa miaka. Na sili ikianza kuvuja usikimbilie kununua nyingine. Mara nyingi ni mchanga tu uliokwama mdomoni. Kata kipande chembamba cha filamu ya zamani ya eksirei, kipitishe kati ya sili na bomba, kizungushe taratibu. Uchafu hutoka na uvujaji hukoma.

Shokapu za nyuma za Classic hazifunguliwi nyumbani. Ndani yake oili na gesi vimekaa chumba kimoja, na kwenye barabara ndefu ya vumbi iliyojikunja kama bati huchanganyika, vikatoa povu, vikapata joto, na mtulizo ukapotea. Mwisho wa safari pikipiki inadunda, asubuhi imepona. Waendesha bodaboda wanalijua hili kuliko mhandisi yeyote, na jibu lao ni kuongeza ugumu, kwa sababu abiria wawili na gunia la mkaa si mzigo wa wastani wa mtu yeyote. Kwao ni sahihi. Makosa ni kuuiga ugumu huo kwenye pikipiki inayobeba mtu mmoja kwenda kazini.

Baada ya hapo ni njia ileile, mwendo uleule, badiliko moja kwa kila safari, na kuandika. Daftari langu lina kurasa za maneno kama "ngazi ya 3, nyuma inarusha kwenye reli" na "ngazi ya 2, afadhali, kona ya kanisa inalala vizuri". Mama watoto akipanda nyuma, kola inapanda ngazi mbili. Tukifika, naishusha, hata kama ni safari ya kurudi peke yangu mtaa wa tatu. Shemeji yangu, aliye mzito kuliko mimi, huja kuiazima wakati wa sikukuu na kila mara huirudisha akilalamika kwamba inalegea kiunoni. Sijibishani naye. Namwomba akae juu yake na viatu vyake vyote, nami natafuta futi.