Ukurasa wa Kushoto

Jumamosi moja ya Julai, kwenye harusi ya jirani hapa Bagara, Babati, mshereheshaji alitutaka tusimame. Maharusi, alisema, watafungua muziki kwa wimbo wa asili wa mapenzi. Spika zikanguruma. Chini ya mdundo wa kompyuta nikasikia zeze, kisha sauti ya mzee ninayemfahamu, imekatwa vipande na kurudiwarudiwa. Bwana na bibi harusi wakakumbatiana, wakawa wanayumba taratibu. Mezani kwetu, meza ya wenye mvi, tulitazamana. Mmoja wetu alicheka mpaka akapaliwa na soda.

Wimbo ule hauhusu mapenzi. Unahusu mbaazi.

Asiyetoka huku nimweleze kidogo. Babati tunalima mbaazi, tunazichanganya na mahindi shamba moja, na kwa miaka mingi mnunuzi wetu mkubwa alikuwa India. Agosti 2017 India ikaweka kikomo cha mbaazi zinazoingia kutoka nje, kwa kuwa wakulima wake wenyewe walikuwa wamevuna kupita kiasi. Bei huku ikaporomoka hadi watu wakaona kuvuna ni hasara juu ya hasara. Hapo mzee akatunga wimbo wa binti aliyepambwa, kapakwa hina, kaketi mkekani akimngoja mchumba wa ng'ambo ya bahari. Mchumba huyo huja kila mwaka. Mwaka huu kafunga mlango, katuma salamu kwamba kwao wake wametosha. Wimbo mzima hauna neno mbaazi. Siku alipouimba kilabuni watu walicheka huku wakifuta machozi, maana kila mmoja alikuwa na binti yake nyumbani, kapangwa gunia juu ya gunia, na wachumba waliobaki ni panya.

Haijapita miaka mingi. Lakini waliokuwa shule ya msingi mwaka ule ndio wanaooana sasa, na fumbo limewapita pembeni kama basi la usiku.

Nilimfuata kijana mwenye mitambo, nikamuuliza wimbo kaupata wapi. Kwenye simu, akasema; mtu alimrekodi mzee mnadani, mwingine akaongezea mdundo, ukaanza kusambaa. Na mtunzi ni nani?

"Huu ni wa asili tu, mzee wangu."

Neno hilo linaniudhi kuliko nilivyo tayari kukiri mbele za watu. Wa asili! Utadhani nyimbo huota zenyewe kando ya ziwa kama mafunjo. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inamtambua mtunzi kwa kule kutunga kwake tu, lakini sheria haijawahi kupanda jukwaani na kushika kipaza sauti. Tukitaka kitu cha mtu bila kulitaja jina lake, tunakiita cha asili, na dhamiri inalala usingizi.

Jumatatu yake nikaenda kwa mzee. Anakaa upande wa kuelekea ziwani, kule ambako viboko hupanda usiku kutoka Ziwa Babati kuja kula bustani za watu, na ukigeuka unauona Mlima Kwaraa umejifunga kilemba cha wingu. Ni Mrangi, alikuja kutoka Kondoa akiwa kijana, akabaki. Nyimbo zake ni za Kiswahili, na hilo halikuwa pambo. Katika mji ambamo Mwiraqw, Mgorowa, Mbarbaig, Mmbugwe na Mrangi wananunua chumvi duka moja, anayetaka kuchekesha wote lazima apate lugha ambayo si ya mama wa yeyote.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kusikiliza au umekuja kurekodi?"

Zeze lake lina nyuzi mbili. Zamani zilikuwa za ukano wa mnyama. Siku hizi huzifumua kutoka kwenye waya wa breki ya baiskeli, uzi mmoja mmoja, akiunyoosha kwa kidole gumba kama mtu anayepima dawa. Kibuyu kimewambwa ngozi ya mbuzi na kimepasuka mara mbili. Mipasuko yote miwili ameishona kwa uzi uleule wa breki. Si zeze la fahari. Marehemu Hukwe Zawose, Mgogo wa Dodoma aliyefariki mwishoni mwa 2003, alipeleka mazeze makubwa yenye nyuzi nyingi hadi Ulaya na dunia ikamsimamia kupiga makofi. Mzee wetu hajavuka mbali zaidi ya Singida. Yeye mwenyewe husema zeze ni fimbo ya kutembelea tu. Mwendo ni maneno.

Na maneno ameyaweka kwenye sanduku la bati chini ya kitanda. Ni kaunta buku nne, zile za jalada gumu, zimefungwa pamoja kwa ukanda uliokatwa kwenye tyubu ya baiskeli. Zinanuka moshi. Mara ya kwanza aliponifungulia, miaka mingi nyuma, nilidhani nitaona mashairi tu. Nikaona ukurasa wa kulia una wimbo, beti zake zimepangwa vizuri kwa mwandiko wa kulala, na ukurasa wa kushoto una kisa. Kila wimbo hivyo hivyo, toka jalada hadi jalada. Wimbo kulia, kisa kushoto.

Kisa hakina mapambo. Kinaanza na mahali na mwaka. Katika daftari la kwanza na la pili ameandika "Babati, Arusha"; ukifika 2002, mkoa wa Manyara ulipozaliwa, jina linabadilika kuwa "Babati, Manyara", na chini yake amepiga mstari mara mbili kama karani aliyepata muhuri mpya. Kisha anaeleza nani alikuja, alikuja na shida gani, na alilipa nini. Debe la mahindi. Samaki watatu, perege. "Hajalipa." "Hajalipa, na sitamdai, ni mjane."

Ule ninaoupenda kuliko wote ni wa 1990, mwaka ambao Ziwa Babati lilifurika na maji yakaingia mjini. Kulia kuna wimbo mwepesi, wa kurukaruka, wa mtu aliyesafiri bure kwa mashua isiyo na nahodha. Watoto wa mtaani huuimba hadi leo wakirukia madimbwi. Kushoto ameandika kwamba mama mmoja alimwomba wimbo wa kitanda chake, kwa kuwa alikiona kikielea na kutoka mlangoni, godoro juu yake na mwanasesere wa mwanawe juu ya godoro. Alileta kuku, tetea, ndiye pekee aliyebaki. Mstari wa mwisho wa ukurasa unasema: "Kuku nimemrudishia." Nimesoma vitabu vinene kuhusu mafuriko. Hakuna kilichoniingia kama kuku yule.

Na kuna ukurasa mmoja wa kushoto, katika daftari la pili, ulio mweupe kabisa. Kulia kwake kuna wimbo mkali wa fisi aliyechaguliwa kuchunga. Nilipomuuliza, mzee alilifunga daftari. "Mwenye kisa bado yuko hai," alisema, "na ana wajukuu wanaosoma." Alikuwa na kanuni yake katika kazi hii: mwenye kisa ajitambue, jirani ashuku, mgeni acheze tu. Kwa hiyo hakuanza na sauti ya wimbo. Alianza kwa kwenda kumkalia mtu nyumbani kwake, siku nzima pengine, akisikiliza, akimsaidia kupukuchua mahindi. Jina la mtu aliligeuza mara ya kwanza, kazi yake mara ya pili, na tukio lenyewe mara ya tatu, mpaka gunia la mbaazi likawa bibi harusi. Ndipo aliposhika zeze.

Si watunzi wote waliofanya hivyo, na sitaki kumpa mzee wangu sifa zote. Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba aliyezunguka na vyungu kabla hajazunguka na taarab, mtu ambaye mwaka 1928 alivuka hadi Bombay kurekodi santuri, hakumficha mtu alipoona dhuluma. Wimbo wake wa Kijiti umebeba jina la mwuaji mwenyewe: mwanamke mgeni kutoka Bara aliuawa Unguja, mwuaji akakimbilia Bara, na walioonja makali ya mahakama ni wenzake yule mwanamke, waliokwenda kutoa ushahidi. Ukiusikiliza leo unasikia udi na fidla, na jina. Kisa kamili kimetufikia kwa kuwa wazee wa mtaa wa Ng'ambo, Unguja, walikishika vichwani kwa zaidi ya nusu karne, na mwanahistoria Laura Fair akakaa nao chini akaandika. Shaaban Robert naye alimwandikia Siti wasifu wake. Bahati ya mtende. Watunzi wangapi wa kwetu wamepata hata nusu ya hiyo?

Waangalie waliokosa. Malaika, wimbo uliozunguka dunia nzima hadi Miriam Makeba na Boney M wakauimba, umezikwa katika ugomvi wa nani aliutunga. Wakenya wengi watakutajia Fadhili William, aliyeurekodi mwanzoni mwa miaka ya 1960. Wengine watakwambia ni wa Adam Salim, Mtanganyika. Wote wameshakufa. Wimbo wenye utajiri wote ule ulikosa kitu ambacho mzee wa Bagara anacho kwenye sanduku la bati: ukurasa mmoja wa kushoto, wenye mwaka, mahali na jina la msichana.

Nitaambiwa kwamba wazee wetu hawakuandika na mambo hayakuharibika. Ni kweli hawakuandika. Wairaqw majirani zetu wana slufay, ile sala ndefu ya kishairi ambayo mzee mmoja huiongoza na waliokaa wakamwitikia, na haikuhitaji kaunta buku. Lakini ilihitaji waliokaa. Watu wa kuitikia walikuwepo, walijua ni kwa nini mzee kageukia upande fulani, nani kafiwa, mvua ya nani haijanyesha, na mtoto aliyekuwa mapajani mwa bibi yake alikua amezungukwa na kisa kabla hajaujua wimbo. Sasa nionyesheni hao waliokaa. Jioni tuko watano sebuleni, kila mmoja na simu yake, kila mmoja anaitikia mtu aliye mbali.

Sichukii simu. Zimehifadhi sauti nyingi ambazo zingekufa. Ila zina kawaida ya kuanza kurekodi mzee anaposhika zeze na kuzima anapoliweka chini, na kwa hiyo zinakosa dakika kumi za kabla, pale anapokohoa, anapomtazama mtu fulani katika kundi, anaposema, "Huu niliutunga mwaka ule ambao..." Wanaorekodi huona maneno hayo yanakula chaji.

Siku ile ya Jumatatu nilimweleza mzee kuhusu harusi. Nilidhani atakasirika. Alicheka, akauliza kama maharusi walicheza vizuri. Kisha akasema nimfungulie daftari la nne, nimsomee kisa cha mbaazi, kwani anataka kukumbuka bei ya gunia ilianguka kutoka ngapi hadi ngapi. Aliyataja yote alipokuwa akiandikisha. Nasema akiandikisha kwa sababu macho yalianza kumtupa mwaka mmoja kabla ya hapo. Tangu wakati huo mjukuu wake amekuwa akimwandikia: mtoto hodari, mwandiko wa duara, hakosei herufi.

Nikafungua. Wimbo ulikuwa kulia, mzuri, beti zote zipo, wino wa buluu. Kushoto hapakuwa na kitu.

Nikafunua mbele. Wimbo kulia, kushoto peupe. Nikafunua tena. Nje nilimsikia mjukuu akikwangua sufuria. Nilitoka kama ninayetafuta maji ya kunywa, nikamuuliza kwa sauti ya chini. Hakuona kosa lolote, na sikuwa na moyo wa kumwonyesha. "Babu anaongea sana kabla ya wimbo," alisema. "Nikaona niandike wimbo wenyewe tu, yale mengine ni hadithi."

Niliporudi ndani mzee alikuwa bado ameinamisha kichwa, mkono sikioni, anangoja nisome. Nikamwambia taa ni hafifu, hebu anisimulie mwenyewe. Akasimulia. Bei ya mwaka wa kabla aliikumbuka. Ya mwaka ule ilimponyoka, akasema si neno, imo daftarini.

Nilihesabu kabla ya kufunga ule ukanda wa tyubu. Nyimbo kumi na moja za mwisho hazina kisa, na mzee hajui.