Farasi wa Stubbs na Saisi Asiyeonekana

Katika National Gallery hapa London yumo Whistlejacket, farasi aliyechorwa na George Stubbs mnamo 1762 kwa ajili ya Marquess wa Rockingham. Picha inakaribia urefu wa mita tatu. Farasi amesimama kwa miguu ya nyuma. Hana tandiko, hana hatamu, wala hana ardhi chini yake. Mtazamaji huiona alama ya uhuru. Sisi twaona pia ukimya. Babu yake ni Godolphin Arabian, farasi wa asili ya Mashariki. Nasaba imehifadhiwa. Saisi wa Kiingereza, Simon Cobb, Stubbs alimchora katika picha nyingine; masaisi wa Mashariki waliomlea babu huyo hawana jina wala sura.

Tulinganishe na mwaka 1840. Sayyid Said bin Sultan alipeleka New York, kwa merikebu Sultana, farasi wawili kuwa zawadi kwa Rais wa Marekani. Farasi wakanadiwa, mjumbe, Ahmad bin Nu'man, akachorwa na Edward Mooney, na sura yake ingalipo. Kule alibaki mtu, hapa amebaki mnyama.

Ustadi wa Stubbs hatuukatai. Ila tukiwapeleka wajukuu wetu kumtazama farasi huyu, tuwaulize: hatamu aliishika nani?