Kioo Kisicho na Pazia

Hapa Bujumbura, wengi wetu tulimtazama nyoka kwa utulivu mara ya kwanza katika Musée Vivant, bustani ya wanyama iliyoanzishwa mwaka 1977. Tahakiki hii hailengi bustani hiyo wala nyingine yoyote. Inalenga kipimo chetu sisi watazamaji: tunasifu sanduku la kioo linalomwonyesha nyoka mzima, kichwa hadi mkia, saa yoyote tufikapo. Kwa maoni yangu, kipimo hicho ni kibovu.

Nyoka hana kope, hivyo hawezi kufumba macho. Tukigonga kioo, mtikisiko humfikia mwilini. Njia yake ya kuomba aachwe ni kujificha. Hata swila wa majini wa Ziwa Tanganyika, mla samaki mwenye sumu kali, hutafuta mianya ya mawe. Anayemnyima nyoka maficho humnyima usingizi.

Wapo wafugaji wanaoweka maficho, lakini moja tu, tena pana kama ukumbi. Nyoka hutulia penye nafasi finyu, pale akijikunja kuta zinamgusa ubavuni. Tena joto la mwili wake hutegemea mahali alipo. Maficho yakiwa upande wa baridi peke yake, analazimika kuchagua kati ya stara na joto. Akichagua stara, chakula hakisagiki vizuri na huenda akakitapika. Basi yawekwe maficho mawili, moja upande wa joto na jingine upande wa baridi. Gharama si kubwa: kipande cha gome, au chungu kilichofudikizwa na kutobolewa mlango usio na ncha kali.

Mtu atauliza: aliyelipa kiingilio aone nini? Swali lake ni la haki, hasa kwa mwanafunzi anayeletwa mara moja tu. Lakini fikiria nyumba za Buyenzi. Mgeni hukaribishwa sebuleni, wala pazia la chumba cha ndani halimuudhi. Anajua mwenyeji atatoka. Vivyo hivyo, kibao kimweleze mtazamaji nyoka amejificha wapi na kwa nini. Tumefundishwa nyumbani kubisha hodi na kungoja. Tukifika kwenye kioo tunasahau adabu hiyo. Siku tutakayoona chungu tu na tusidai fedha zetu, tutakuwa tumejifunza jambo la kweli kuhusu nyoka.